Mtoto wa Kisiwa Panza na Lugha Zake Nne

Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka, magazeti huandika habari ileile. Waliofaulu huhesabiwa, waliofeli huhesabiwa, mkubwa mmoja huulizwa maoni, na mambo huishia hapo. Skuli za mashamba na za visiwa vidogo zikishika mkia, hutafutwa sababu ya haraka: wazazi hawana mwamko, watoto wanashinda pwani, walimu hawataki kukaa. Mimi ni mwandishi wa gazeti, kwa hiyo najua sentensi hizo zinavyoandikwa na saa ngapi zinaandikwa. Leo naomba niandike jambo ambalo safu ya gazeti hainipi nafasi nalo, nalo ni historia ya mtoto wa Kisiwa Panza na lugha anazotakiwa kuzisoma.

Kwa msomaji asiyekijua, Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kusini ya Pemba, katika wilaya ya Mkoani. Watu huvuka kwa mashua kutoka Chokocho. Kimezungukwa na mikoko, na watu wake ni wavuvi na wakulima. Kwa miaka mingi sasa maji ya chumvi yamekuwa yakiingia katika mabonde ya mpunga na kuyaharibu. Habari hiyo ndiyo inayotupeleka huko waandishi na wataalamu. Tunapiga picha bonde lililokufa, tunarudi Chake. Skuli haimpeleki mtu.

Sasa tuhesabu lugha za huyu mtoto.

Ya kwanza ni Kipemba, lugha ya mama yake. Hiki si Kiswahili kilichoharibika kama wanavyodhani baadhi ya watu wa mjini. W. H. Whiteley alikiandikia kitabu mwaka 1958, akaonyesha kwamba hata ndani ya Pemba yenyewe watu hawasemi namna moja. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limekitolea kamusi. Mtoto anayesema "ntu" na "nti" hajakosea chochote, ndivyo walivyosema babu zake. Lakini siku ya kwanza darasani anakuta kitabuni pameandikwa "mtu" na "mti". Akisoma kama anavyosema nyumbani, wenzake wanacheka, na pengine mwalimu naye anacheka. Hapo anajifunza somo lake la kwanza la skuli, kwamba kinywa chake kina kasoro.

Ya pili ni Kiarabu cha chuoni. Zamani sana kabla ya skuli ya serikali, watoto wa pwani yetu walikuwa wakisoma. Walikaa kitako juu ya jamvi, ubao mkononi, wakaanza na herufi, wakaziendeleza moja moja, wakapanda mpaka juzuu ya Amma, na waliojaaliwa wakahitimu msahafu wote. Watu wazima waliandika barua, mikataba ya mashamba na mashairi kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Basi mtu asituambie kwamba kusoma kuliletwa Pemba na Mwingereza.

Ya tatu ni Kiswahili sanifu kwa herufi za Kirumi. Hiki nacho kina historia yake. Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na Edward Steere akatoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Sultani Ali bin Hamoud, serikali ikaanza kufungua skuli zake, na ukazuka ubishi mkubwa: wafundishe kwa lugha gani, na kwa herufi zipi? Wazee wengi walitaka Kiarabu na herufi zake. Maofisa walitaka herufi za Kirumi, kwa sababu walihitaji makarani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliposhika Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, mambo yalikuwa yameshakwisha. Herufi za Kirumi zilishinda.

Tazama lililotokea hapo. Mtu aliyeandika barua zake maisha yake yote kwa herufi za Kiarabu alilala msomi akaamka, machoni pa ofisi, hajui kusoma. Hakusahau kitu. Mlango ndio uliohamishwa.

Jambo hili halijaisha. Safari moja nilipokwenda huko kikazi nilizungumza na mzee mmoja nje ya msikiti. Katika maswali yangu ya kawaida nikamuuliza, "Babu, umesoma mpaka darasa la ngapi?" Akanijibu, "Mwanangu, miye sikusoma." Msahafu alikuwa ameushika mkononi, na dakika chache kabla nilikuwa namsikia akiusoma bila kusita. Mzee huyu ana umri wa kutosha kunizaa mara mbili, na bado amekubali hukumu ya ofisi kwamba yeye hakusoma.

Watu wa mashamba hawakuipokea skuli ya serikali kwa mikono miwili. Miaka ya 1920 na 1930 maofisa walilalamika kwamba wazazi wa vijijini hawaleti watoto. Wazazi walikuwa na jibu lao wazi: skuli haifundishi dini, na mtoto hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kufika miaka ya 1940 serikali ililegeza, ikaingiza masomo ya Kurani pamoja na walimu wake katika skuli za mashamba. Watoto wakaongezeka. Wazazi ni walewale na vijiji ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba skuli ilikubali kuanzia pale mtoto alipokuwa ameshafika, badala ya kumwambia afute yote aanze upya. Nataka msomaji alishike hili, maana ndilo jibu la mambo mengi yatakayofuata.

Ya nne ni Kiingereza.

Wakati wa ukoloni Kiingereza kilikuwa cha wachache waliopanda madarasa ya juu, na wengi wao walikuwa watu wa mjini. Mtoto wa kisiwa kama Panza alikuwa mbali nacho. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalibadilisha hesabu. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo, na tarehe hiyo inaadhimishwa Zanzibar kila mwaka mpaka leo. Mlango wa skuli ukafunguliwa kwa mtoto wa mvuvi na wa mchuma karafuu. Ila lugha ya juu haikubadilika. Msingi ulisomwa kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe, Kiarabu na dini. Waliofika hapo wakawa wengi kila mwaka, na kila mwaka wengi wao wakawa wageni ndani ya darasa lao wenyewe.

Nasema wageni kwa makusudi. Huko Marekani na Uingereza wana mipango ya kuwasaidia watoto wa wahamiaji wanaoingia darasani bila Kiingereza. Wanapewa mwalimu wa ziada, vitabu vyepesi na muda. Wanajulikana kwamba ni wageni wa lugha, kwa hiyo hawategemewi kuelewa siku ya kwanza. Mtoto wetu naye ni mgeni wa lugha hiyohiyo, ila yeye hajasafiri popote. Kwa kuwa amezaliwa hapahapa na mwalimu naye amezaliwa hapahapa, hakuna anayemwona kuwa mgeni. Anaonekana mzito tu.

Upande wa Bara waliligundua tatizo hili mapema. Tangu mwaka 1967 skuli za msingi zilisomesha kwa Kiswahili, na mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, waliwapima wanafunzi. Walikuta kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na Kiingereza cha kuanzia masomo kwa lugha hiyo. Yaani kiwango cha kuanzia kidato cha kwanza, na wao wanamaliza cha nne! Ungetegemea baada ya hapo lugha ibadilishwe. Haikubadilishwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikitetea Kiingereza, akakiita Kiswahili cha dunia. Kilicholetwa badala yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, ni mradi wa msaada wa Uingereza uliopeleka sekondari vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi. Si jambo baya. Mtoto anayesoma hadithi ishirini nyepesi hupata Kiingereza kuliko anayekariri orodha ya vitenzi. Lakini hadithi ni daraja, na daraja halitoshi kama mto wenyewe unazidi kutanuka.

Zanzibar nayo ilijaribu daraja lake. Baadhi ya waliomaliza msingi waliwekwa kwanza katika darasa la matayarisho, maarufu kwa jina la OSC, wakinolewa Kiingereza kabla ya kidato cha kwanza. Kisha ikaja sera ya elimu ya mwaka 2006. Miaka ya msingi ilipunguzwa kuwa sita, maandalizi yakatiwa ndani ya elimu ya lazima, na ikaamuliwa kwamba hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hoja ilikuwa kwamba mtoto akianza mapema atazoea mapema.

Hoja hiyo inapendeza masikioni, na kwa mtoto wa mjini mwenye tuisheni na televisheni pengine ina ukweli. Sasa ipeleke Kisiwa Panza. Mtoto hasikii Kiingereza nyumbani, hakisikii dukani, hakisikii mashuani. Anakisikia katika kipindi cha dakika arubaini, kutoka kwa mwalimu ambaye naye alikisoma kwa shida hiyohiyo. Halafu anaambiwa ajifunze kwa lugha hiyo mambo ambayo hata kwa Kiswahili yangemtoa jasho.

Na kuna jambo la ufundi ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Maandishi ya Kiswahili ni ya haki: herufi inasomwa inavyoandikwa. Mtoto akishashika ba, be, bi, bo, bu, amepata ufunguo wa karibu lugha nzima. Kiingereza hakina haki hiyo. Mtoto aliyejua silabi zake barabara anakutana na "one", anakutana na "two", anakutana na "knife" yenye herufi ya mwanzo isiyotamkwa, na ufunguo wake unagoma kufungua. Kama kusoma Kiswahili kumekaa vizuri kichwani, atavumilia na atazoea. Kama hakujakaa, anapoteza vyote viwili. Huyu ndiye unayemkuta darasa la sita anakopi ubaoni kwa mwandiko mzuri kabisa, nawe ukimwambia asome alichoandika anakutazama.

Mimi nimepita skuli ambayo sitaitaja jina, tukivishwa kibao shingoni mtu akisema Kiswahili. Aliyekamatwa anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Unajua tulijifunza nini? Tulijifunza kunyamaza. Mwanafunzi mwenye swali la fizikia alikuwa anapima kwanza: nina maneno ya kuliuliza, au nitavaa kibao? Maswali mengi yalikufa namna hiyo, na waliokuwa nayo walitoka na sifuri wakadhani hawana akili.

Ushahidi kwamba tatizo ni lugha tunao, na si wa mbali. Mwishoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wa Zanzibar walifanya utafiti ulioitwa SPINE juu ya mitihani ya taifa. Walichukua maswali ya mitihani wakawapa wanafunzi wa sekondari kwa namna mbalimbali: kwa Kiingereza kilekile cha mtihani, kwa Kiingereza kilichorahisishwa, na kwa Kiswahili. Wanafunzi waliokwama kwenye Kiingereza cha mtihani walionyesha kwamba jibu wanalo pale swali lilipowafikia kwa lugha wanayoielewa. Maana yake, mtihani wa sayansi ulikuwa unapima Kiingereza na kuandika matokeo yake kwenye safu ya sayansi.

Fikiria swali la jiografia juu ya maji kujaa na kupwa. Mtoto wa Panza anajua tarehe za bamvua na za maji mafu kabla hajajua kuandika jina lake, kwa sababu dau la baba yake linakwenda kwa mwezi. Anajua mikoko ikikatwa bahari inafanya nini, ameyaona bondeni kwao. Mletee swali hilo kwa Kiingereza cha vitabuni, atapata sifuri, na mtoto wa ghorofani ambaye hajawahi kukanyaga tope la pwani atapata vema kwa kukariri.

Nchi nyingine wamepita hapa. UNESCO ilitoa ripoti mwaka 1953 ikisema mtoto afundishwe kwa lugha ya mama kadiri inavyowezekana. Huko Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa na wenzake walisomesha kundi la watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto hao waliwapita wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu, na katika Kiingereza chenyewe hawakubaki nyuma. Hili ndilo watu hawaliamini mpaka waambiwe mara mbili: kukaa zaidi katika lugha yako hakukuharibii Kiingereza, kunakupa pa kukisimamisha.

Na hapa kwetu tumewahi kufanya vizuri, tusijidharau. Mwaka 2006 ulianza mradi wa RISE uliotumia redio. Vipindi vyake, Tucheze Tujifunze, viliwafikia watoto wadogo, wakiwamo wa sehemu zisizo na skuli ya maandalizi. Mlezi wa kijijini anafungua redio, watoto wanaimba, wanaruka, wanahesabu, wanajibu. Kiswahili, hesabu na Kiingereza cha kuanzia vyote vimo. Mapema zaidi, mwaka 1990, mpango wa madrasa za watoto chini ya Aga Khan, uliokuwa umeanzia Mombasa, ulifika Zanzibar. Ulichukua maandalizi ya skuli ukayaweka ndani ya madrasa, mahali ambapo mzazi ameshapaamini. Siri ya mipango yote miwili ni ileile ya miaka ya 1940: anza pale mtoto alipo.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito. Machi 2024 dunia nzima ililisikia jina la Kisiwa Panza. Watu 9 walifariki, wanane kati yao watoto, baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa. Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyohiyo. Wataalamu walieleza habari ya sumu inayoweza kuwamo katika nyama ya kasa, na maelezo mengi niliyoyasoma siku zile yalikuwa ya Kiingereza, kutoka mashirika ya habari ya nje. Sisemi kwamba kitabu kingewaokoa wale watoto. Kasa ni chakula cha sikukuu tangu enzi, na mila haiondoki kwa kipeperushi. Ninachosema ni hiki: somo la viumbe vya bahari na sumu zake ni biolojia, na biolojia hiyo mtoto wa Panza amewekewa katika lugha ambayo anaisikia skuli tu. Anayesoma akaelewa ndiye anayerudi nyumbani akamwambia mama yake. Anayekariri kwa ajili ya mtihani hana cha kumwambia.

Basi tufanye nini? Sina cheo, lakini historia imeshatuonyesha njia. Mwalimu wa darasa la kwanza afundishwe kwamba "nti" ni lahaja na si ujinga, kisha amvushe mtoto kwenda kwenye "mti" bila kicheko. Kila mtoto wa darasa la pili asikilizwe akisoma, mmoja mmoja, na asiyeweza apewe msaada mwaka huohuo, asingojwe mpaka darasa la sita. Kiingereza kisomeshwe na anayekijua, kwa hadithi nyepesi nyingi, na mwalimu anayekubali kukaa kisiwani apewe nyumba na heshima yake. Maswali ya mitihani ya hesabu na sayansi yaandikwe kwa lugha zote mbili, karatasi moja. Vibao vya shingoni vichomwe moto.

Kiingereza tunakihitaji, sibishani na mtu. Mimi mwenyewe kimenipa kazi. Lakini mara ya kwanza tulihamisha mlango tukawaita wasomi wa chuoni wajinga, na miaka mia baadaye wajukuu wao bado wanasema "miye sikusoma" huku msahafu uko mkononi. Mara hii wanaosimama nje ya mlango ni watoto wa darasa la tano. Kabla hatujaandika tena kwamba Kisiwa Panza hawana mwamko, tuwaulize kwanza kwa lugha wanayoijua.